Maji ya Kombe Chini ya Waya wa Nguo

Nina umri wa miaka ishirini na tisa, mama wa mtoto mmoja wa kike. Haya yalinikuta nyumbani kwa mume wangu, Pongwe, nikiwa bado ndani ya arobaini yangu ya uzazi. Ndugu wasomaji, someni mpaka mwisho, huenda na kwenu kuna waya kama ule...

Mama yangu alimtuma mdogo wangu Zuhura kutoka Muheza aje anisaidie. Binti mchangamfu, maneno mengi! Alifua nguo za mtoto huku akinitania kwamba nimenenepa kwa uji mpaka sipiti mlangoni.

Mume wangu Bakari alipenda kujisifu kuwa anajua umeme. Karamu ya arobaini ilipokaribia, alivuta mwenyewe waya wa taa kutoka soketi ya chumbani mpaka uani, akaupitisha chini ya bati la paa. Majirani walimwita fundi, naye akavimba kichwa.

Kesho yake Zuhura alianika nguo, akapiga yowe.

"Dada, mna nini hapa kwenu? Nimeshika waya nikatetemeka mpaka begani!"

Waya wetu wa kuanikia ulikuwa chuma kitupu, umefungwa kwenye lile bati. Nilijaribu mimi, nikiwa na ndala zangu, ganzi ikanipanda vidoleni.

Mama mkwe alisikia, akashika kifua. "Huyo ni jini, anafuata mzazi, mwanangu. Hao hawakosi penye uzazi."

Ubani ukafukizwa. Ganzi haikwisha! Nikamweleza Bakari. Alilitazama bati kwa muda, kisha akaniambia hayo ni mambo ya kina mama, tumsikilize mama. Kwa nini moyo wangu haukushtuka?

Asubuhi moja mama mkwe alileta maji ya kombe, yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwenye sahani, akayachanganya na ndoo nzima ya maji na kuyamwaga chini ya waya mpaka udongo ukalowa. Akatuonya kuwa palipomwagwa aya hapakanyagwi na viatu.

Zuhura akavua ndala.

Bakari alikuwa amesimama mlangoni. Aliyaona maji. Aliiona miguu mitupu ya mdogo wangu. Akanyamaza!

Zuhura alibeba kanga mbichi, akaushika waya... mkono ukaganda. Hata sauti haikumtoka. Nilikurupuka kumshika, Bakari akapiga kelele, "Usimguse!" Akakimbilia chumbani, moja kwa moja kwenye ule waya wa taa, akauchomoa. Zuhura akaanguka kwenye matope.

Tulimkimbiza hospitali. Tulirudi na maiti...

Baada ya mazishi swali halikunitoka kichwani. Ndani mna nyaya ngapi? Alijuaje ni ule?

Nilimuuliza mbele ya wazee, na Bakari akakiri. Ukingo wa bati ulikuwa umechana ngozi ya waya, na umeme ukaenea paa zima mpaka kwenye waya wa nguo. Yeye mwenyewe ulimpiga siku ileile alipoufunga! Lakini angewaambiaje watu, naye ndiye fundi? Alipanga kuurekebisha kimyakimya baada ya karamu. Siku zote ndala na udongo mkavu ndivyo vilivyotunusuru. Maji na miguu mitupu vikaufungulia umeme njia ya kwenda ardhini, na njia yenyewe ikawa mwili wa mdogo wangu.

Sasa niko Muheza kwa mama. Wazee wananisihi nirudi, eti ilikuwa ajali. Waya kuchanika ni ajali, nakubali. Na kule kunyamaza je?

Wasomaji wenzangu, bati, friji au bomba likikutekenya, usingoje! Zima swichi kuu, ita fundi wa kweli. Aliyenaswa usimshike kwa mkono kabla umeme haujazimwa. Dua tuombe, lakini umeme uwe umezimwa.

Na wewe uliyefunga waya vibaya ukaona haya, nakuomba kwa machozi, sema leo! Watu watakucheka. Mimi ningemcheka Bakari mpaka tumbo liniume, na Zuhura ndiye angecheka kutushinda wote.