Mstari wa Kwanza

Kila nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ni kupitisha sumaku sakafuni kwenye karakana ya shangazi. Shangazi ni fundi wa cherehani. Si mshonaji, ni fundi, na anayechanganya mambo hayo mawili husahihishwa papo hapo hata kama ni mteja mpya. Sumaku hunasa sindano zilizovunjika na skrubu ndogo zilizotoroka mezani. Nikimaliza hapo nabadilisha sare, nakula, ndipo naruhusiwa kushika simu yake kwa saa moja.

Saa hiyo moja ndiyo niliyokuwa naingoja tangu asubuhi. Nilikuwa najifunza kuandika programu za kompyuta katika kundi moja la mtandaoni, watu mia tatu hivi ambao sijawahi kumwona hata mmoja wao. Humo naitwa Sindano. Anayetufundisha anaitwa Kobe kwa sababu hujibu polepole, na mpaka leo sijui kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Najua tu kwamba hana mzaha. Ukilalamika kuwa programu yako imegoma, Kobe hakusaidii mpaka uandike mistari mitatu: Nilifanya nini. Nilitarajia nini. Kilitokea nini. Ukianza na "Jamani nisaidieni, nakaribia kulia," anakujibu, "Lia kwanza, ukimaliza andika mistari mitatu."

Tena alikuwa na msemo wake: "Programu usiijaribu kwa namba inayoipenda. Ijaribu kwa namba inayoichukia." Niliupenda msemo huo hadi nikaunakili nyuma ya daftari la hesabu.

Shida yangu ilikuwa kompyuta. Kuandika programu kwa kidole gumba kwenye simu ya mtu mwingine ni adhabu. Siku moja, kwenye soko la mtandaoni la vitu vilivyotumika, mwanafunzi mmoja wa chuo alitangaza kompyuta yake. Kitufe cha herufi M kilikuwa kimeng'oka, mengine yote mazima. Ila hakutaka noti. Alitaka sarafu za mtandaoni, zile pesa ambazo huwezi kuzitia mfukoni. Zinakaa kwenye simu kama namba, leo zinapanda na kesho zinashuka. Katika soko lile karibu watu wote walilipana hivyo. Akaniahidi kunishikia kompyuta mpaka Jumamosi adhuhuri.

Aliyenionyesha njia ni shangazi. Alivuta cherehani nyeusi iliyokuwa chini ya meza akaipiga kofi mgongoni.

"Hii iwe yako," alisema. "Kitambaa chepesi inashona vizuri, ila ukiipa kizito inaruka mishono. Ndoano ya chini, inayokamata uzi, imelika. Kabla hujaiuza, toa ndoano kwenye ile mbovu iliyovunjika gurudumu, uifunge hapa. Nitakuelekeza. Ni kazi ya siku nzima."

"Sawa, shangazi."

"Na akaunti ya sokoni ni yangu, maana watoto hawaruhusiwi. Jina linaloonekana pale ni langu. Usije ukanitia aibu."

Siku nzima! Mimi nilikuwa na siku tano tu. Nikaipangusa vumbi, nikaitia mafuta, nikaing'arisha mpaka ikawa kama imetoka dukani. Kisha nikapiga video ikishona kipande cha kitambaa cha shati. Mishono ilinyooka vizuri. Nikaandika: "Cherehani imara, inashona. Tazama video." Niambie, uongo uko wapi hapo? Inashona, na video hii hapa.

Jumanne mshonaji mmoja wa mtaa wa pili akaitaka. Aliuliza maswali, nikamjibu yote kwa adabu. Katika soko lile, sarafu za mnunuzi hufungiwa mahali mpaka apokee kitu chake na kubonyeza kitufe cha "Nimeridhika". Basi sarafu zake zikafungiwa, mwenye mkokoteni akaja, cherehani ikaenda.

Jumatano hakubonyeza. Mwisho wa saa yangu ya simu akaandika maneno matatu: "Ina matatizo. Sibonyezi."

Nilichemka. Matatizo gani? Cherehani anayo, sarafu anazikalia, halafu ananiandikia maneno matatu kana kwamba mimi ndiye mwenye makosa! Alhamisi, wakati wa mapumziko shuleni, nilimweleza rafiki yangu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

"Huyo ni mwizi," Redio aliamua kabla sijamaliza. "Tena mwizi wa mchana kweupe. Ameona wewe ni mtoto, utamfanya nini?"

"Na keshokutwa ndiyo Jumamosi!"

"Usinyamaze, wewe. Ukinyamaza wanakuzoea. Mwanike!"

Mchana ule niliingia kwenye kundi. Niliandika kwamba nimedhulumiwa, kwamba kuna watu hawana huruma hata kwa mtoto anayetafuta elimu. Kobe akajibu, "Mistari mitatu." Nikamkasirikia na yeye. Mtu ameibiwa, anaambiwa habari za mistari! Haya, nikaandika:

"Nilifanya nini: Niliuza cherehani nzima. Nilitarajia nini: Kulipwa. Kilitokea nini: Mnunuzi ameichukua na hataki kuachia sarafu."

Kidole changu kilisita kidogo kwenye neno "nzima". Kidogo tu.

Kundi likawaka moto. "Wizi huu!" "Anamlia mtoto jasho lake!" "Tupe jina lake!" Nikawapa. Haikupita nusu saa, ukurasa wa mshonaji yule kule sokoni ukawa umejaa matusi. Wengine walimwita tapeli, wengine waliwaonya watu wasimpelekee hata kitambaa cha leso. Mimi nilisoma yote, na nakiri kwamba nilisikia raha. Kobe peke yake ndiye aliyeuliza, "Sindano, cherehani uliijaribu kwa kitambaa gani?" Sikumjibu. Saa yangu ilikuwa imekwisha.

Ijumaa nilipoingia karakanani nikaanza kutafuta sumaku. Ilikuwa mezani, imejaa sindano. Shangazi alikuwa ameipitisha mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikuwa amekaa, simu mkononi.

"Kaa," alisema.

"Shangazi, umemwona yule mwizi alivyo—"

"Nimesema kaa. Soma hii, kwa sauti."

Chini ya matusi yote yale mshonaji alikuwa amejibu. Aliweka picha ya suruali ya sare ya shule, mshono wa nyuma umeachia kuanzia kiunoni mpaka chini. Nikasoma: "Mimi ni mshonaji. Nina oda ya suruali ishirini na nne. Kabla ya kununua nilimwuliza muuzaji kama cherehani inashona kitambaa kizito. Jibu lake ni hili."

Chini yake kulikuwa na picha ya maneno yangu mwenyewe: "Inashona kila kitu, mama, usiwe na wasiwasi."

Hilo lilikuwa mojawapo ya yale majibu yangu ya adabu.

"Nimetoka kwake sasa hivi," shangazi alisema. "Wateja wawili wamekuja leo kuchukua vitambaa vyao. Wanaogopa kumpa kazi tapeli. Tapeli! Mama wa watu anashona tangu wewe hujazaliwa, hajawahi kumwibia mteja hata kipande cha kitambaa. Leo anatukanwa na watu wasiomjua wala kumwona! Na muuzaji pale ni nani? Ni mimi! Jina langu!"

Sijawahi kumwona shangazi amekasirika namna ile.

"Lakini shangazi, video haikuwa ya uongo. Ilishona kweli."

"Kitambaa gani?"

Swali lilelile la Kobe.

"Cha shati."

"Kwa nini hukuipa cha suruali?"

"Ingeruka mishono."

"Kumbe ulijua."

Machozi yakanitoka. Nikajaribu kujitetea mara ya mwisho, na nililosema lilikuwa kweli kabisa: "Lakini nilikasirika kweli, shangazi. Sikuigiza. Niliona kabisa kwamba nimeibiwa."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana watu mia tatu walikuamini."

Akanipa simu nirudie ile mistari. Saa moja yote iliishia kwenye mstari wa kwanza. Nimewahi kuandika programu ndefu kuliko ule mstari, lakini haijanitoa jasho vile. Niliandika "Kulikuwa na kutoelewana", shangazi akatikisa kichwa, nikafuta. Niliandika "Cherehani ilikuwa na kasoro ndogo", akatikisa kichwa tena. Mwishowe nikaandika hivi:

"Nilifanya nini: Niliuza cherehani mbovu nikijua ni mbovu. Nilipoulizwa nilidanganya, halafu nikamwita mwizi yule niliyemdanganya. Nilitarajia nini: Nisijulikane. Kilitokea nini: Mshonaji mwaminifu ametukanwa kwa sababu yangu. Mama, nakuomba radhi. Nanyi niliowadanganya, naombeni radhi."

Niliweka kwenye kundi, kisha kwenye ukurasa wa mshonaji, ambako kila mteja wake angeona. Watu walinishukia, na walikuwa na haki. Baadhi walirudi kufuta matusi yao na kumwomba radhi. Wengine walinyamaza kana kwamba hawakuwepo, na hao wananiudhi mpaka leo. Kobe aliandika sentensi moja: "Sasa tunaweza kuanza kutengeneza."

Jumamosi asubuhi mkokoteni uliirudisha cherehani. Shangazi alielekeza, mimi nikafanya. Kutoa ile ndoano nzima kwenye mashine mbovu kulinila saa mbili, maana skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Kuifunga nako nilikosea mara tatu: mara ndoano inafika kabla ya sindano, mara inachelewa. Adhuhuri simu ililia. Mwanafunzi wa chuo ameshamuuzia mtu mwingine kompyuta. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi, hata kufuta machozi sikuweza.

"Tuendelee?" shangazi aliuliza.

"Tuendelee."

Jioni nilichukua kipande cha jinzi, nikakikunja mara mbili kikawa tabaka nne, nikakiweka chini ya sindano. Hicho ndicho kitambaa ambacho cherehani yoyote inakichukia. Ikashona kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka hata mshono mmoja.

Tuliipeleka wenyewe. Mshonaji ni mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Hakutukaribisha kwa maneno mengi. Alichukua kitambaa kizito kuliko cha kwangu, akashona, akageuza, akavuta mshono kwa nguvu zake zote. Ndipo akabonyeza "Nimeridhika". Nilitaka tuondoke upesi, lakini alinyoosha kidole kwenye suruali tisa zilizorundikana kitini.

"Na hizi zilizoharibika nani atazifumua?"

"Mimi, mama," nilijibu.

Nilikwenda kwake siku tatu mfululizo baada ya shule. Kufumua mshono mbaya bila kutoboa kitambaa ni kazi inayotaka moyo mtulivu, kitu ambacho mimi sina. Mteja mmoja alirudi, akaomba radhi, akaacha kitambaa chake. Wa pili hakurudi. Siku ya tatu nilipomaliza suruali ya mwisho, mshonaji aliikagua dirishani.

"Una mkono mwepesi," alisema. "Ila una hasira za karibu."

Shangazi, aliyekuja kunichukua, alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Tulipokuwa njiani nilimwuliza jambo lililokuwa likinisumbua: inawezekanaje mtu aone uchungu wa kuibiwa, tena uchungu wa kweli, kumbe mwizi ni yeye?

"Mkuki kwa nguruwe, mwanangu," alisema. "Kwa binadamu mchungu. Sikukatazi kukasirika. Mtu asiyekasirikia dhuluma ana kasoro. Lakini hasira si ushahidi. Hata mwizi akiibiwa hukasirika, na pengine hupiga kelele kuliko wote. Kabla hujamwita mtu jina, jikague wewe kwanza, tena kwa kitambaa kizito."

Baada ya wiki tano nilipata kompyuta nyingine kwa zile sarafu. Ni nzito na ya polepole, lakini aliyeiuza aliniambia kasoro zake zote kabla sijauliza, nami nilimwamini. Kundi bado linaniita Sindano. Nachemka bado, tena mara kwa mara, na Redio bado ananiambia nisinyamaze. Ila sasa kila nikitaka kumlalamikia mtu, naandika kwanza ule mstari wa kwanza. Mara nyingi sifiki wa pili.