Ua la Bwawa la Shule

Kila asubuhi kabla ya kengele, Merina na Dotto walikutana kwenye bwawa la samaki la shule yao, Ujiji. Dotto aliwatupia perege pumba. Merina, kiongozi wa bustani, alifagia ukingo.

Upande mmoja wa ukingo ulikuwa tope tupu. Mwalimu Veneranda alimtuma Merina mtaa wa Mwanga, kwa Bibi Agnesi muuza miche, akaombe airisi, ua la zambarau linalostahimili tope.

"Umwulize vizuri. Si kila ua hupenda kulowa," alisisitiza.

Lo, Merina na uvivu wake! Mwanga hakufika. Alipokwenda Ilagala kumsalimia mjomba, aliona maua ya zambarau yakielea kijitoni, akajaza ndoo.

"Airisi hizi hapa, Mwalimu. Nimepewa na Bibi Agnesi," alisema Jumatatu bila kupepesa macho. Mwalimu, aliyeijua airisi kwa kusikia tu, akamsifu, wakazipanda ukingoni mwa maji.

Baada ya wiki sita, majani yalikuwa yametanda bwawa zima. Perege walikuja juu wakitweta, na kumi wakafa.

"Dotto, umewazidishia pumba, zimeoza majini," alifoka mwalimu wa zamu. "Kuanzia leo usiguse bwawa!"

Dotto alilia waziwazi mbele ya wenzake. Jioni ile Merina alisukuma kando hata samaki wa migebuka aliopikiwa na mama.

Kulipokucha alimfuata Mwalimu Veneranda.

"Shikamoo, Mwalimu. Dotto hana kosa. Sikwenda kwa Bibi Agnesi. Maua niliyaokota Ilagala."

"Marahaba. Maskini Dotto! Kumbe hayo ni magugu maji, mwanangu. Yanawanyima samaki hewa. Twende ukamwambie mwenyewe."

Dotto alimsikiliza mpaka mwisho. "Ungesema mapema, wale kumi wangekuwa hai," alisema.

Merina alikunja sketi, akaingia bwawani kung'oa. Muda si muda Dotto naye akaingia. Magugu wakayaanika juani, wakayachoma yasije yakafika ziwani.

Jumamosi Merina alikwenda Mwanga, akamwuliza Bibi Agnesi maswali mpaka bibi akacheka. Airisi zikapandwa topeni, na Dotto akarudishiwa bakuli lake la pumba.

"Njia ya mwongo ni fupi, Merina," alisema Mwalimu Veneranda siku ua la kwanza lilipochanua. "Umefanya vyema kukiri. Ila kumbuka, hata kwa usiku ule mmoja ulionyamaza, mwenzako ndiye aliyeibeba adhabu yako."

Dotto akamsogezea Merina bakuli. "Haya, leo walishe wewe."