Karatasi kwenye Sinia la Rakhi

"Weka dole gumba hapa, Dhapu! Ukishaweka ndiyo unifunge huo uzi!" kaka Hukma alifoka.

"Yaani siku ya rakhi, siku ya dada kumfunga kaka uzi mkononi na kaka kumpa dada zawadi, wewe unaniomba shamba?" dada naye akapandisha sauti.

Karatasi ilikuwa kwenye sinia, kati ya vile vitamu vya mviringo, ladu, na uzi mwekundu. Wino pembeni. Baba alikufa mwaka jana, mama alimtangulia. Tumebaki watatu, mimi mdogo wao wa kiume, na shamba la haradali la bigha tisa. Kwetu dada akiolewa huwaachia kaka zake shamba. Akikataa, kaka hawaji na zawadi ya nguo kwenye harusi ya watoto wake. Aibu hiyo dada anaiogopa kuliko njaa.

Nami nikachomekea. Wivu ulinijaa, sifichi.

"Ulipoolewa baba aliuza nyati wawili, dada. Ukapewa cherehani pia. Mimi mpaka leo navaa mashati ya Hukma!"

"Hiyo cherehani naiona? Mama mkwe kaifungia chumbani kwake!"

Kelele zikamleta Santosh, jirani tunayemwita shangazi, anayewasaidia watu mambo ya ardhi.

"Rakhi gani hii ya kutukanana?"

"Huyu alishapewa vitu vya harusi, shangazi. Fungu lake ndilo hilo," Hukma akasema.

"Nani kakudanganya? Vitu vya harusi si urithi. Baba yenu hakuacha wosia. Sheria yetu sisi Wahindu inasema mtoto wa kike na wa kiume mafungu sawa. Kuolewa hakumfuti. Mama yenu angekuwa hai, naye angepata lake. Na kuachia ni hiari, halazimishwi mtu."

Dada akafuta machozi. "Bora niweke tu. Nisije nikakosa kaka." Akachovya dole kwenye wino.

"Ngoja!" Shangazi akanigeukia. "Wewe msomi, umeisoma?"

Miaka kumi na miwili shuleni, na sikuwa nimeisoma! Nikaisoma kwa sauti. Fungu la dada lote lilikuwa linakwenda kwa Hukma. Peke yake.

"Na mimi je, kaka?"

"We bado mdogo."

Wivu wangu ukahamia kwa Hukma palepale. Dada akalifuta dole kwenye mtandio wake. Karatasi nikaichana mimi.

Tulikwenda ofisi ya ardhi, majina matatu yakaandikwa. Bigha tatu kila mmoja. Za dada nalima mimi, mavuno tunagawana. Mwaka huu kanunua nyati wake mwenyewe. Mama mkwe kaitoa cherehani bila kuombwa.

Rakhi ikafika tena. Hukma akaja kanuna, akanyoosha mkono bila kumtazama dada.

"Nasikia nyati wako anatoa maziwa mengi kuliko wangu."

"Kula ladu, kaka."

Uzi ukafungwa. Akatupa sari mpya kwenye sinia, akatoka, akabamiza mlango.

Mlango ukafunguka. Akachukua ladu la pili, akatoka tena, akaufunga taratibu.