Fundi Aliyekimbia Likizo

Mimi ni Nyaruai. Nauza viazi sokoni Kitale, na sijui kufichaficha maneno. Mume wangu Zachary ni fundi wa mashine katika kiwanda cha unga. Alikuwa akitoka watoto wamelala, anarudi wamelala. Jumapili pia. Nilijisifu kwa majirani ati nimeolewa na mchapakazi.

Siku moja Hiram, anayefanya kazi naye, alikuja kununua viazi. Akauliza Zachary anaonaje likizo. Likizo gani? Hiram akashangaa. Akasema Zachary alianguka karibu na mashine kwa uchovu, ndipo bosi akamlazimisha apumzike mwezi mzima. Tena yeye Hiram alimwona asubuhi hiyo akipanda gari la Bungoma.

Jioni nikamwuliza Zachary alikuwa wapi. Akaniangalia machoni akajibu, "Kazini." Kumbe nalala na mwongo! Dalili ya mvua ni mawingu. Nikanusa shati lake nikitafuta marashi ya mwanamke wa Bungoma. Lilinuka grisi tu, lakini sikutulia.

Kesho yake nilimwomba jirani yangu Sabiha anisindikize. Yeye ni mshauri katika kituo cha afya. Akanionya nisitukane mtu kabla ya kuona. Mimi nilikuwa nimeshafunga leso kiunoni.

Kondakta wa gari la Bungoma alimjua Zachary, abiria wake wa kila asubuhi. Akatushusha karibu na kinu cha kusaga mahindi cha mzee Wakhungu. Tukamkuta Zachary chini ya mashine, uso mweupe kwa unga.

"Huyo mwanamke yuko wapi?" nikauliza.

Wakhungu akasema hapo hakuna mwanamke. Zachary alikuja mwenyewe kuomba kazi, hata malipo hataki.

Zachary akakaa juu ya gunia, akalia. "Nikikaa nyumbani naona kama nitakufa, Mama Wangechi. Mikono inatafuta spana."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mwanamke. Na kazi je, utaipigaje?

"Huu ni uraibu, kama ule wa pombe," Sabiha akasema. "Mtu wa bidii akimaliza kazi anapumzika. Huyu akipumzika anateseka, kwa hivyo anadanganya ili afanye kazi. Nimeuona kwa mwalimu, kwa dereva, hata kwa meneja."

Akatueleza la kufanya. Kazi iwe na saa ya kufungwa. Simu ya kazi izimwe jioni. Alale vya kutosha, na aje kwa ushauri kila wiki.

"Na wewe, Nyaruai, acha kumsifu kwa kuchoka."

Maneno hayo yaliniuma, lakini yalikuwa kweli.

Haikuwa rahisi, bana. Zachary alizungukazunguka, akatengeneza mlango ambao haukuwa umeharibika. Mimi nami niliendelea kumchunga kwa jicho moja. Lakini kwa Sabiha alienda, na likizo ilipoisha alirudi kiwandani na saa yake ya kutoka.

Jana alifika nyumbani jua bado liko juu. Akakaa uani na binti yetu Wangechi, wakapukuchua mahindi wakicheka. Baadaye mtoto akanijia jikoni, akaninong'oneza, "Mama, baba ni mgonjwa?"

Nikamwambia hapana, anapona.