Stendi Isiyo na Uzito

Jua lilikuwa linazama tulipotoka dukani kwa Mhindi pale Kibiti, mimi na mume wangu Bwanaheri, mikono mitupu. Tulikwenda kununua stendi ya kamera. Wakati ule wa Mwingereza, Bwanaheri ndiye aliyekuwa akiwapiga picha watu wa delta: maharusi wa Mbwera, akina mama wa Maparoni na watoto wao, wazee waliotaka sura zao zibaki. Kazi aliipenda kuliko chakula. Lakini kifua kilikuwa kimemharibikia tangu alipokuwa mkata mikoko, na stendi yake ya zamani, ya mninga na chuma, ilikuwa inammaliza. Dresa, yule muuguzi wa zahanati, alimwambia wazi kwamba akiendelea kubeba lile gogo kwenye matope, mwaka haumalizi.

Nilitaka awe hai. Hilo tu.

Kwa hiyo niliichagua ile stendi kama ninayemchagulia binti yangu mume. Mhindi alitoa mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, inang'aa, na bei yake ilinifanya nimuulize kama inapika na wali. Ya pili ilikuwa rahisi, lakini nilipoitundikia kikapu changu, kichwa chake kikainama polepole kama mlevi anayesinzia. Kamera ingeanguka kifudifudi. Bwanaheri alisimama pembeni yake kujipima, maana stendi huchaguliwa kwa kimo, mpiga picha asije akashinda kapinda mgongo siku nzima.

"Twende zetu, bwana," nikamwambia. "Hii itatuvunjia kamera bure."

Tukashika njia ya nyuma, ile inayopita karibu na makaburi. Akakohoa. Akasimama. Akakohoa tena...

Nilipoinua macho, palikuwa na mtu ameketi kando ya njia. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, safi mno kwa vumbi lile. Mbele yake ilisimama stendi. Miguu mitatu ya fito kavu, kichwa cha shaba.

Nikasikia harufu ya kafuri, ile wanayotiwa maiti.

"Hii ni nyepesi," akasema kwa sauti ya chini. Hakutusalimu.

Bwanaheri akainyanyua kwa kidole kimoja, akacheka. Nikaitundikia kikapu, kichwa hakikutikisika. Nikakikandamiza kwa mikono miwili, kikakaa vilevile.

"Bei gani?" nikauliza.

"Bei rahisi. Kwanza tuone kama ni saizi yake."

Akachomoa fito moja, akamsimamishia Bwanaheri mgongoni, kutoka kisiginoni mpaka utosini.

Kwetu aliye hai hapimwi kwa fito. Mtoto ukitaka kumpima urefu, chukua uzi. Fito ni ya maiti. Anapimwa nayo ili wachimbaji wajue urefu wa kaburi, kisha inavunjwa na kuachwa palepale makaburini. Bwanaheri aliyajua hayo tangu utoto. Lakini alikuwa ametoka kujipima dukani muda si mrefu, akili yake yote imo kwenye picha, basi akasimama wima, akanyoosha shingo, anatabasamu.

"Bwanaheri, toka hapo!"

Kisu cha yule mtu kikakwaruza fito, kikaweka alama usawa wa utosi. Krrr...

Yule mtu aliirudisha fito mahali pake, akainuka, akaondoka kuelekea makaburini. Hakudai chochote. Majani makavu chini ya miguu yake hayakulia.

"Iache hapohapo," nikanong'ona. "Nakuomba."

"Ngoja, Mwajabu. Ngoja kwanza." Akavuta pumzi. Ndefu. Haikukatika. Machozi yakamtoka. "Nimepumua, mke wangu."

Nikamfuata nyumbani, naye stendi iko begani.

Kikohozi kilikwisha kabisa. Akarudi kazini kama kijana. Siku ya harusi ya Mbwera nilifuatana naye, na tulipofika kwenye mkono wa mto maji yalikuwa yamekupwa. Mimi na wenzetu wa safari tulizama kwenye tope mpaka magotini, tunasukumana na kutukanana kwa mzaha. Bwanaheri alitangulia na mzigo wake, anapiga mluzi. Nikatazama nyuma yake.

Hapakuwa na nyayo.

Mama yake bibi harusi alikuja kutupokea. Aliona nilichokiona. Akanivuta mkono.

"Mumeo anakula?"

"Anakula, dada."

"Mbona tope halimtambui?"

Tangu siku ile nikaanza kumchunguza. Akilala, kamba za kitanda hazikulia. Akiniegemea, nilihisi kama nimeegemewa na upande wa kanga. Asubuhi moja nikachukua shoka, nikaiendea ile stendi uani. Akanidaka mkono.

"Ukiivunja, kifua kitarudi."

"Na kirudi! Nitakukanda mafuta kila siku. Ukohoe, Bwanaheri, ukohoe mpaka tuzeeke wote!"

"Nimebeba miaka yote," akasema taratibu. "Nimechoka kubeba. Niachie hii."

Nikaliweka shoka chini. Nilimpenda mno, na mimi pia nilikuwa nimechoka kumsikia akitapatapa kutafuta pumzi.

Alikufa kabla mpunga haujavunwa, alasiri, ameketi kwenye mkeka kando ya stendi, uso umetulia. Mzee Mrisho, mchimba kaburi wetu, ndiye aliyenisimulia habari za mazikoni, maana sisi wanawake tulibaki nyumbani. Alisema wabebaji walisimama njiani, wakalitua jeneza, wakafunua shuka kuhakikisha kama yumo.

Alikuwemo.

Waliporudi, stendi haikuwepo uani. Hakuna aliyeiona ikiondoka. Pale iliposimama palikuwa na mashimo matatu, membamba, kama pamesimama kitu kizito kuliko nyumba. Niliingiza mkono mpaka begani, sikugusa chini. Mzee Mrisho akaamuru yafukiwe. Tukamwaga udongo kikapu baada ya kikapu, nao ukashuka tu... ukashuka... hatukusikia ukifika.

Mzee akakiacha kikapu, akaenda zake bila kuaga.

Nadhani uzito wote wa mume wangu umo mle. Nadhani tu, maana masheikh niliowauliza walinisomea dua na hawakunieleza kitu. Ndugu zangu wanataka nihame, wanasema ua ule umeharibika. Sihami. Jua likishuka hutandika mkeka kando ya mashimo, nikajilaza, nikaweka mkono juu ya ardhi.

Uwanja mzima huwa umepoa saa zile. Hapo tu pana joto, na joto lile nalijua. Ni la mgongo wa mtu aliyelala.