Betri za Ganda Jipya

Mchwachuma mmoja ana ukubwa wa kuku. Ni roboti mwenye miguu sita, meno ya almasi, na tumbo linalosaga mwamba mpaka ukatoka laini kama unga wa sembe. Mmoja peke yake hana maajabu. Lakini chini ya mlima Shengena walikuwa maelfu, wakitoboa handaki la treni ya kasi, na juu yao jiji la Gonja Mpya lilikuwa linakunywa chai bila kikombe kutikisika.

Kasoro yao ilikuwa moja. Mawimbi ya redio hayakupenya mwamba ule, kwa hiyo waliowaunda waliwapa jicho la kufuata mwanga. Nyuma yao alisimama binadamu, mmulikaji, ameshika kurunzijua: tochi fupi ya kuenea kiganjani, lakini ukiiwasha unadhani jua limeshuka. Mahali mmulikaji alipoelekeza mwanga, ndipo walipokula. Akibonyeza taa nyekundu, walisimama. Na mwanga ukififia wenyewe, betri ikizidiwa, mchwachuma waligeuka kuutafuta. Waliutafuta kwa meno.

Sifaeli alikuwa mmulikaji. Mama yake, Namkunda, mkulima wa tangawizi, alikuwa hajalala vizuri tangu binti apate kazi hiyo.

Asubuhi hiyo Namkunda alitoka uani akakuta betri za lithiamu, kila moja nene kama kidole gumba, zimepangwa juu ya bati kama dagaa.

"Sifaeli! Nini hiki?"

"Nazianika, mama. Siku hizi zinaisha haraka. Si bibi alikuwa anaanika mawe ya redio, yanaamka?"

"Bibi yako alianika mawe ya redio. Haya si mawe. Huu ni moto uliofungwa ndani ya kopo. Toa!"

"Mbona kazini wote tunaanika?"

"Na Kiondo naye alianika?"

Sifaeli akainama, akaanza kuzitoa.

Kiondo alikuwa mpwa wa Namkunda, mmulikaji pia. Kurunzijua ilikuwa imempasukia usoni. Wazazi tusidanganyike na udogo wa kitu hiki. Tochi ya namna ile ni bomba la chuma lililokazwa pande zote mbili, halina tofauti na bunduki: betri ikipasuka ndani, kifuniko ndicho risasi. Kampuni ilitangaza katika vipaza sauti vya jiji zima kwamba mfanyakazi aliharibu betri kwa ushamba wake, kwa kuzianika juani. Watu wakatikisa kichwa, wakasema masikini Kiondo, mambo ya kale haya yatatumaliza.

Lakini aliyekuwa akimwosha Kiondo hospitalini ni Namkunda. Jicho moja halikuwepo tena. Mkewe alikuwa na mfuko wenye mabaki ya tochi, na ndani ya mfuko Namkunda aliiona betri ya pili, iliyosalia nzima, ganda lake la buluu limekwanyuka. Chini ya buluu kulikuwa na ganda jingine, la kijani kilichopauka, lenye picha ya pikipiki.

Sasa aliokota moja kutoka kwenye bati, akaingiza ukucha ukingoni, akaimenya kama anavyomenya tangawizi. Buluu ikatoka. Chini yake, kijani.

"Umeona?" akamwambia binti yake. "Ilizeekea kwenye pikipiki ya mtu, ikatupwa, wakaiokota. Huyu ni kikongwe aliyevalishwa gauni la bi harusi. Leo nakuja kazini kwenu."

"Mama, tafadhali. Utaniaibisha mbele za watu."

"Ndiyo, nitakuaibisha. Aibu haitoboi jicho."

Ghala la betri lilikuwa mlangoni mwa handaki, likiendeshwa na akiliunde ambayo wafanyakazi waliiita Karani. Karani hakuwa na mwili. Alikuwa sauti ya upole, kamera moja, na mkono wa chuma uliogawa betri kwa kila aliyeingia zamu. Pembeni yake alisimama Mgonja, msimamizi, mtu wa makamo mwenye kizibao cha njano. Zamu ya asubuhi ilikuwa imewasimamisha mchwachuma kwa taa nyekundu na kutoka; ya mchana ilikuwa imeshapanga foleni, Sifaeli akiwa katikati, ameinamisha kichwa, maana alimwona mama yake anakuja moja kwa moja na kusimama mbele ya lifti ya kushukia handakini.

"Shikamoo, mama," alisema Mgonja. "Hapo unapita mzigo. Sogea kidogo."

"Marahaba. Sisogei. Leo hakuna mtoto wa mtu atakayeshuka na betri hizi."

Mgonja akacheka, akawageukia wa kwenye foleni. "Mnatujua Wapare. Mtu anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku."

"Msikilize mwenyewe huyo! Kesi ya mpaka wa shamba lenu imeisha?" mmoja akamrushia kutoka nyuma. Foleni ikaangua kicheko.

Namkunda hakucheka. "Ng'ombe nitauza. Kuku huyo ni mwanangu." Akaigeukia kamera. "Wewe Karani, hizi betri ulizichaguaje?"

"Kurunzijua inataka vitu viwili," alijibu Karani. "Betri yenye ujazo mkubwa, na inayoweza kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Havifanani. Mtungi unaweza kuwa mkubwa na mdomo wake ukawa mwembamba. Lebo ya betri hizi inataja ujazo unaozidi wa betri zote sokoni, na mdomo mpana kuzidi zote. Bei yake ndiyo ya chini kabisa. Kwa hiyo nilizichagua."

"Nyama nzuri kuliko zote, kubwa kuliko zote, na ya bei poa kuliko zote. Baba, hukuuliza ng'ombe alichinjwa au alikufa mwenyewe?"

Kicheko kilianza, kikakatika, kwa sababu Namkunda aliendelea:

"Ulizipima?"

"Sikuagizwa kupima. Niliagizwa kusoma."

Mtu mmoja kwenye foleni aliitoa betri mfukoni, akaishika mbali na mwili wake.

"Zipime sasa," alisema Namkunda.

"Huna ruhusa ya kuniagiza."

"Basi yatosha, mama," Mgonja akaingilia. Sauti yake haikuwa na utani tena. "Kiondo alianika betri juani. Alikiri mwenyewe. Hilo hulijui?"

"Nalijua. Alikosea. Na huyu wangu amekosea leo asubuhi, na nimemgombeza, jua linaua betri kama hizi na mwenye nazo. Lakini mtu haaniki betri nzima, Mgonja. Anaanika iliyokufa. Nani aliwapa zilizokufa?" Akanyoosha kidole kwenye kurunzijua iliyokuwa mezani. "Tufanye hivi. Tia hizo betri wewe, shika tochi wewe, wamulikie mchwachuma wewe. Mimi nitakaa hapa nikuombee."

Mgonja aliitazama tochi. Mkono wake ulitoka kidogo ubavuni, ukarudi. Ni jambo dogo, lakini foleni nzima ililiona.

Sifaeli akatoka kwenye mstari. Namkunda alitanua mikono kuziba lifti, akidhani binti anapita kwa nguvu. Sifaeli hakwenda kwenye lifti. Alikwenda kwenye pipa la mchanga wa kuzimia moto, akazifukia betri zake humo, akajipangusa viganja.

"Kaka Mgonja, agiza zipimwe," alisema. "La sivyo mimi sishuki."

Wa pili akafuata kwenye mchanga. Wa tatu akafuata. Yule aliyetania kuhusu shamba alifukia zake kwa mguu, kama mtu anayezika paka. Mgonja alijikuna shingo, akatazama handaki, akawatazama watu.

"Karani," alisema hatimaye. "Pima."

Mkono wa chuma ulitia betri mbili katika kurunzijua, ukaifukia nusu ndani ya pipa jingine la mchanga, kioo kikitazama ukuta, ukawasha kwa nguvu zote. Ukuta ukawa mweupe. Watu walikinga macho. Hawajayafumbua vizuri, mwanga ukawa wa njano, ukawa mwekundu kama kaa la moto, na moshi wenye harufu tamu ya kukaba ukaanza kupanda. Kisha mlio mmoja. Mchanga uliruka mpaka darini, ukawanyeshea wote.

"Betri moja ilikuwa imechakaa kuliko mwenzake," alisema Karani, kwa upole uleule. "Yenye nguvu iliisukuma dhaifu mpaka ikapasuka. Betri za tochi moja zinapaswa kuwa marika, zimezaliwa pamoja na zinachajiwa pamoja. Nimepima pia uzito wa zilizobaki ghalani. Ni nyepesi mno. Baadhi ndani yake mna kijibetri kidogo, na nafasi iliyobaki imejazwa unga."

"Na za Kiondo?" aliuliza Namkunda.

"Zilitoka shehena hiyohiyo. Ningeagizwa mapema, ningesema mapema."

Kabla hajatokea wa kujibu, kipaza sauti cha makao makuu kililia juu ya mlango. "Gonja Mpya! Mchwachuma bado wamesimama. Nani amefunga handaki?"

Mgonja alitazama viatu vyake. Namkunda alishavuta pumzi, jibu analo, alikuja nalo kutoka nyumbani. Sifaeli akamshika kifundo cha mkono.

"Mama, kaa. Hili ni langu." Akasogea chini ya kipaza sauti. "Naitwa Sifaeli Mshana, mmulikaji wa zamu ya mchana. Nimefunga mimi. Betri mlizotuletea ni takataka za pikipiki, na tangazo mlilotoa juu ya Kiondo ni uongo. Mkishalifuta hadharani, mkaleta betri zilizopimwa mbele yetu, tutashuka."

"Binti, unajua ni wangapi wanaitaka kazi hiyo?"

"Waje. Tutawaonyesha huu mchanga."

Kipaza sauti kikakatika. Huenda kazi ndiyo ilikwisha hapo, pengine na nyumba ya kampuni wanayoishi pamoja nayo. Namkunda alijua, na aliogopa kuliko asubuhi. Lakini safari hii aliogopa huku akimtazama mwanawe usoni, na uso ulikuwa mzima, una macho yote mawili, yamewaka kwa hasira.