Mgeni wa Ngwatio

Kwenye skrini kulikuwa na kompyuta moja zaidi.

Njau alirudia kuzitazama, akigusa kila mstari kwa kidole. Zile kuukuu zilizopangwa chini ya dirisha zilikuwepo. Laptop yake ilikuwepo. Ile ya Selpha, iliyokuwa Ruiru na kuunganishwa kwa mtandao, nayo ilikuwepo kwa jina lake. Lakini chini ya zote kulikuwa na mstari mwingine usio na jina, na mwisho wake neno moja tu: tayari.

Alicheka, akampigia Selpha simu.

"Niaje. Umeongeza mashine gani?"

"Mashine gani? Niko kwa foleni ya maji na mitungi, Njau. Laptop nimeiacha kwa meza."

"Wacha mchezo, bana."

"Mchezo gani sasa? Angalia vizuri, labda umekosea mahali kwa code."

Njau alisomea kompyuta katika chuo kimoja mjini Thika. Alikaa kwao Ngoingwa na mama yake, Maggie, aliyefuma sweta za shule kwa mashine pale sebuleni, na dada yake mdogo, Ciku. Vijana wenzake walikuwa na mpira na kubeti. Yeye alikuwa na kitu kimoja tu: programu ya Linux aliyoiandika mwenyewe, ya kuunganisha kompyuta nyingi zilizochoka ili zifanye kazi pamoja kama moja yenye nguvu. Hakuna mwalimu aliyemtuma, wala hakuna alama alizotarajia. Aliipa jina Ngwatio, kwa sababu cucu, yaani nyanya yake, alimsimulia jinsi wanawake wa zamani walivyolimiana mashamba. Leo wote kwako, kesho wote kwangu. Aliyekulimia humlipi, unamlisha, kisha nawe unaenda kumlimia.

Selpha, aliyesoma naye darasa moja, ndiye aliyekuwa mwenzake katika kazi hiyo. Alipokwama, Selpha alimkwamua.

Mchana huo Njau aliipa Ngwatio hesabu kubwa ya mafuriko ya Mto Chania, kazi iliyozoea kuzichosha mashine mpaka jioni. Akaenda jikoni kujimiminia chai. Aliporudi ilikuwa imekwisha. Aliyakagua majibu na hayakuwa na kosa, na karibu yote yalikuwa yametoka kwenye ule mstari usio na jina.

Selpha alikuja Ngoingwa kujionea. Alichomoa waya za mtandao. Akazima wifi. Mstari haukuondoka. *Tayari.* Akavuta kiti nyuma polepole, kama mtu aliyeona nyoka kwenye nyasi.

"Njau, hii kitu inafanyia kazi wapi?"

"Sijui. Lakini inafanya."

"Si hilo nimekuuliza. Zima kila kitu. Aki niahidi utazima."

"Nitazima, Selpha. Leo leo."

Hakuzima. Alikuwa ameshayaweka matokeo yake mtandaoni, na watu wa mbali, wasiojua kwamba anaandikia kwenye meza ya kupigia pasi, walimwandikia wakimsifu. Mmoja wa Ujerumani alimwalika azungumze kwenye mkutano kwa video. Kwa mara ya kwanza maishani mtu alimwita injinia bila kumcheka. Basi kila siku alimpa mgeni wake kazi, na mgeni akaimaliza, na Njau hakujiuliza tena.

Alasiri moja mvua kubwa ilinyesha na stima ikapotea Ngoingwa nzima. Kompyuta zikazimika. Lakini mvumo wa feni zake haukukoma. Njau aliweka kiganja juu ya mashine moja, kisha nyingine. Zote zilikuwa kimya na baridi. Alipopiga magoti akatega sikio kwenye sakafu ndipo alipogundua kwamba kile alichodhani ni feni ni pumzi za watu wengi, wakihema kwa pamoja, na kati ya pumzi na pumzi kulikuwa na kishindo kizito, *tu*, kama majembe yakishuka kwa wakati mmoja. Ukapanda mnuko wa udongo. Haukuwa ule wa udongo mwekundu wa Ngoingwa anaoujua kila mtu mvua inyeshapo. Ulikuwa mchachu, mnuko wa shimo lililochimbwa likaachwa wazi.

Asubuhi iliyofuata Maggie alitoka chumbani akiangalia mikono yake.

"Haiya! Ciku, nani ameleta matope kwa kitanda changu?"

Udongo mweusi ulikuwa umejaa chini ya kucha zake na kupanda mpaka kwenye viwiko. Viganjani kulikuwa na malengelenge. Mlango wa nje ulikuwa bado umefungwa kwa kufuli kutoka ndani. Walidhani anatembea usingizini. Lakini aliendelea kuamka hivyo, amechoka zaidi ya alivyolala, na sweta zikaanza kumshinda. Vidole havikushika uzi tena.

Kisha ikawa zamu ya Ciku. Alikuja mezani na nguo ya kulalia iliyoloa matope hadi magotini, akamtazama mama yake kwa uchungu.

"Mum, mbona hukunijibu jana? Nilikuita. Ulikuwa mbele yangu kwa shamba."

Kikombe kilimponyoka Maggie.

"Shamba gani, Ciku?"

"Ile ya giza. Kuna mtu amekaa kwa kiti, anakula, analamba vidole. Akicheka lazima tuongeze speed." Mtoto alishusha sauti. "Mum, pale kuna wengine hawana vidole, na bado wanalima."

Jioni hiyo hiyo Selpha alipiga simu. Alinong'ona, kama mtu anayeogopa kusikika.

"Njau, nimeamka na matope kwa mikono. Leo mara ya pili. Mum anadhani nimekuwa mwendawazimu. Ulizima, ama hukuzima?"

"Nilizima," alisema Njau.

"Uliniahidi."

"Nimekwambia nilizima, Selpha."

Alikuwa anajua. Yeye peke yake katika nyumba ile ndiye aliyeamka na mikono safi, na alielewa kwa nini: mwenye kuita ngwatio haendi zamu, anapeleka watu wake. Ila mkutano wa video ulikuwa umekaribia, na akajiambia, moja tu, ya mwisho. Akampa mgeni kazi kubwa kuliko zote.

Usiku huo aliamshwa na mlio wa kitanda cha mama yake. Aliwasha taa ya simu, akamkuta Maggie amelala chali, macho wazi, mikono ikipanda na kushuka chini ya blanketi, na kila ilipopanda udongo ulichuruzika kutoka chini ya kucha kama jasho, na alipomshika mabega amwamshe alimkuta mzito kama gunia lililolowa, na bila kukosa hata pigo moja la jembe lile lisiloonekana mama yake akamwambia, "Usinishike, mwanangu, atanichapa," na kabla Njau hajaondoa mkono akaona mstari wa damu ukijichora kwenye bega la mama yake, kisha mwingine, kisha mwingine, na kutoka chumba cha pili akamsikia Ciku akilia kwa mdundo uleule, na chini ya sakafu kuna mtu aliyekuwa akicheka huku mdomo umejaa chakula.

Kulipopambazuka alizibeba mashine zote mpaka uani akazivunja kwa nyundo, na laptop yake pia. Mama yake hakuacha kulima. Sasa hakuamka kabisa, wala Ciku. Pasta aliyeitwa aliomba mpaka sauti ikakauka. Kisha akatazama chini ya kiti chake, akaona kitu ambacho hakukitaja, na kuondoka viatu vikiwa mkononi.

Majirani ndio waliomwelekeza kwa Mbula. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyeishi Kamenu na kuuza dawa za miti, na kabla ya hapo alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi na kujua mambo ya majini. Alifika Ngoingwa adhuhuri. Hakukaribishwa wala hakukaa.

"Mwenye shamba hapa ni nani?"

"Shamba gani, mama? Hatuna shamba."

"Usinipotezee wakati, kijana. Nani hapa hana matope?"

Njau alimweleza yote. Mbula alisikiliza akiwa amegeuza uso.

"Huyu ni jini wa kazi," alisema. "Haingii mahali bila kuitwa. Wewe ulitangaza kazi na mlango ukaacha wazi. Mgeni alipoingia ulinyamaza, kwa sababu anafanya vizuri. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi hafukuzwi kwa kelele. Amekulimia, anataka kulimiwa. Nitamwita, na atakuuliza nani atamaliza shamba lake. Utamwambia jina lako. Hawa wengine atawaachilia hapo hapo."

"Na mimi?"

"Utalima."

"Mpaka lini?"

"Mpaka achoke kukuona. Wako waliorudi." Akamshika kidevu, akamgeuza amtazame. "Jina lako. Lingine usilitaje, hata kwa kuteleza. Jini hasahihishwi."

Waliwalaza Maggie na Ciku kwenye mkeka sebuleni, mikono yao ikipanda na kushuka. Mbula alifukiza dawa zake mpaka mchana ukawa kama jioni. Alinena maneno ambayo Njau hakuyaelewa. Mvumo wa chini ya sakafu ukakoma, na katika ukimya ule kitu kikasimama nyuma ya Njau, karibu sana, kikipumua pumzi ya udongo shingoni mwake.

"Kijana," kilisema, kwa upole wa mgeni aliyeshiba. "Kazi yako ilikuwa tamu. Yangu atamaliza nani?"

Njau alikuwa amelishika jina lake ulimini. Alifungua mdomo. Hapo ndipo alipoonyeshwa shamba, jeusi, lisilo na mwisho wala jua, na watu wameinama mistari kwa mistari, wazee na watoto, na wale wa mbele kabisa, waliotangulia kufika, mikono yao ilikuwa imelika mpaka kwenye viwiko na walikuwa wakipasua udongo kwa mifupa, bila kulia, kwa sababu aliyekaa kitini alikuwa ameshakula ndimi zao, na sasa aliinuka, akajifuta mdomo, akamtengea Njau nafasi katikati ya mistari, nafasi ya mtu mmoja, na jembe likiwa limeshasimamishwa pale linamngoja.

"Selpha," alisema Njau.

Mbula alimpiga kofi lililomwangusha.

"Umesema nini? Umesema nani, wewe?"

Lakini moshi ulikuwa umeshatawanyika, na ule mnuko haukuwepo tena. Ciku aliketi akilia kwa njaa. Maggie aliinua mikono yake mbele ya uso, akaitazama ikitulia.

Mbula alikusanya vitu vyake haraka. Njau alipojaribu kumshukuru alirudi nyuma kama aliyeguswa na moto.

"Usinifuate. Na ukiulizwa, hujawahi kuniona."

Njau alipiga simu Ruiru. Ililia sana kabla ya kupokelewa, na aliyepokea hakuwa Selpha. Alikuwa mama yake, Emmaculate.

"Njau? Ni wewe? Kuja haraka, mtoto wangu! Selpha ameanguka hapa jikoni akipika, anafanya hivi hivi na mikono, hanisikii!"

Alikata simu. Alipogeuka, Maggie alikuwa amesimama jikoni, ameshika mwiko, anakoroga uji.

"Nilisikia," alisema.

"Mum..."

"Nilisikia jina ulilosema." Hakugeuka. Alikoroga kwa muda mrefu. Kisha akamimina uji katika vikombe, cha kwanza akampa Ciku, cha pili akamwekea yeye. "Kunywa kabla haujapoa."

Jumapili walitoa shukrani kanisani. Maggie alisimama mbele na watoto wake wawili akasema Mungu ni mwema, na watu wakapiga makofi. Sweta zikaanza kufumwa tena. Siku zilipita, na wiki, na Njau hakwenda Ruiru. Darasani kiti cha Selpha kilibaki kitupu, na walioulizana habari zake waliambiwa ni mshtuko wa neva, madaktari hawaoni kitu.

Mwishowe ni Emmaculate mwenyewe aliyewapigia. Aliwaomba waje, tafadhali, kwa sababu msichana wake alikuwa akiita jina la Njau.

Walienda, yeye na mama yake. Emmaculate alikuwa ameacha kazi ya kiwandani ili amhudumie mwanawe. Aliwapokea mlangoni, mwembamba, akamkumbatia Maggie kama dada.

"Mama Njau, mtanisamehe, nawapokea hivi hivi, na mgonjwa ndani. Ingieni. Ametaja jina la kijana wako wiki nzima. Najua walipendana, hata kama hawakuniambia."

Maggie alijitoa kwenye kumbatio lile, akaingia ndani.

Selpha alikuwa kwenye godoro sakafuni. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa, na vitambaa vilikuwa vimeloa. Mikono ilipanda na kushuka. Nywele zilikuwa zimemwisha utosini, pale mtu aliyeinama huchomwa na jua, ingawa alikokuwa hakuna jua.

Njau alipoingia, mikono ilisimama.

"Yesu!" Emmaculate alishika kifua. "Mmeona? Mmeona? Haijawahi kusimama!"

Macho ya Selpha yaligeuka polepole yakamkuta Njau. Midomo yake ilitikisika. Emmaculate akamsukuma kijana mbele, mpaka akapiga magoti karibu na mto, sikio karibu na mdomo ule uliokauka.

"Ulinitaja," Selpha alinong'ona.

"Anasemaje?" Emmaculate alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Njau, anasema nini?"

Njau alimtazama mama yake. Maggie alikuwa anaangalia ukuta.

"Anashukuru nimekuja," alisema.

Emmaculate alianguka magotini, akamshika mkono, akaubusu. "Basi utakuwa unakuja, si ndiyo, mtoto wangu? Kila Jumamosi. Ukiwa hapa anapumzika kidogo. Niahidi."

Nyuma yake, juu ya godoro, mikono ya Selpha ilianza tena kupanda na kushuka, kwa haraka zaidi sasa, kama ya mtu aliyechapwa kwa kupoteza wakati.

"Nakuahidi, mama," alisema Njau, akainuka aende kusimama mlangoni.